Uafrika si chanjo: jiandae kabla ya kwenda Kusini

Msomaji mpenzi, leo ningependa tuzungumze kuhusu safari, na hasa safari za upande wa kusini wa bara letu. Nazungumzia Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Zimbabwe, Zambia, Malawi, Msumbiji na majirani zao.

Zamani Mkenya wa kawaida hakuwa na shughuli nyingi huko. Siku za utawala wa ubaguzi wa rangi, Johannesburg tuliisoma tu magazetini. Siku hizi mambo yamebadilika. Vijana wetu wanasomea huko, wafanyabiashara wanakwenda kutafuta bidhaa, na kwaya za makanisa zinaalikwa. Isitoshe, tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaweza kuingia Afrika Kusini bila viza kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Kwa ndege, Nairobi hadi Johannesburg ni mwendo wa saa nne hivi. Hivyo basi tumeanza kuichukulia safari hiyo kama ya kwenda Mombasa: unafunganya begi, unamuaga mama na kuondoka.

Hapo ndipo makosa huanzia.

Kijana mmoja wa mtaani mwetu alipata nafasi ya kujiunga na chuo kikuu mjini Cape Town. Huko mwaka wa masomo huanza Februari. Alipokuja kuniaga nilimuuliza kama alikuwa amedungwa sindano za safari. Akacheka.

"Mzee, mimi ni Mwafrika naenda Afrika. Sindano ni za watalii," akanijibu.

Sikumlaumu sana. Ni maneno niliyoyasikia kwa watu wazima wenye vyeo. Twaamini kwamba kwa kuwa tumezaliwa chini ya jua hili na kunywa maji haya, basi miili yetu imekwisha kuzoea kila kitu kuanzia Kairo hadi Cape Town. Lakini Uafrika si chanjo, msomaji wangu. Mbu haulizi pasipoti.

Aliyemkatia kijana huyo tiketi ndiye aliyemwonya kwamba bila kadi ya manjano hangesafiri. Akakimbia kudungwa sindano ikiwa imebaki siku tano tu aondoke. Siku ya safari familia nzima ilimsindikiza uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mhudumu akaitazama kadi, akahesabu kwa vidole, kisha akamwambia kwa upole, "Kijana, chanjo ni halali lakini kadi bado haijakomaa. Zimepita siku tano, zimebaki tano." Begi likarudishwa kwenye gari. Mama yake alilazimika kukopa kwenye chama ili kulipia mabadiliko ya tiketi, na kijana akafika chuoni wenzake wakiwa wamekwisha kujisajili.

Tuanze basi na kadi hiyo. Afrika Kusini humtaka kila msafiri mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi, anayetoka katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano, aonyeshe cheti cha chanjo. Kenya imo katika orodha hiyo. Cheti huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kudungwa sindano, kwa sababu mwili huhitaji muda huo kujenga kinga. Nchi nyingine nyingi za kusini zina masharti kama hayo, na baadhi yazo huanza kumhesabu mtoto akiwa na miezi tisa. Shirika la ndege nalo hukagua kadi kabla hujapanda, maana ukikataliwa huko ndilo litakalotakiwa kukurudisha.

Wako jamaa zetu wanaoishi Uingereza au Marekani ambao hupitia nyumbani kusalimu wazazi kabla ya kuendelea na safari ya kusini. Nao wanahusika. Hata abiria anayesubiri ndege katika uwanja wa nchi iliyo kwenye orodha kwa zaidi ya saa 12 hudaiwa cheti.

Pengine utauliza, mbona wenzetu hawa ni wakali hivyo? Jawabu ni kwamba homa ya manjano haiko kwao, lakini mbu wa kuieneza wako. Msafiri mmoja mgonjwa akiumwa na mbu hao, moto unaweza kuwaka. Na kwetu ugonjwa upo. Mwaka wa 1992 hadi 1993 ulizuka katika Bonde la Kerio, na mwaka wa 2022 ukatangazwa tena kule Isiolo. Mkurupuko ulioanza Luanda, mji mkuu wa Angola, mwezi wa Desemba 2015, ulisafiri na wasafiri wasiochanjwa hadi Kongo, China na hata hapa Kenya. Kwa hiyo kadi ile si karatasi ya kumsumbua mtu.

Hata aliyetengeneza chanjo hiyo alikuwa mzaliwa wa huko kusini. Max Theiler alizaliwa Pretoria mwaka wa 1899. Alifanyia utafiti wake mjini New York, na chanjo aliyoipata katika miaka ya 1930 ndiyo inayotumika hadi leo. Mwaka wa 1951 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi hiyo.

Habari njema ni kwamba sindano moja yatosha maisha yako yote. Zamani ilibidi kurudia kila baada ya miaka kumi, lakini tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa husema cheti ni cha maisha, hata kama ni kile cha zamani kilichoandikwa tarehe ya kuisha. Kitunze pamoja na pasipoti, na uwe na nakala yake.

Na tafadhali usinunue kadi bandia. Najua kuna wanaoziuza kimagendo kwa wasiotaka sindano. Karatasi haizuii virusi. Tena ukaguzi si mchezo: mnamo Machi 2012, Afrika Kusini iliwarudisha kwao Wanigeria 125 kwa sababu ya shaka kuhusu kadi zao. Nigeria nayo ikalipiza kwa kuwarudisha raia wa Afrika Kusini, hadi serikali ya Pretoria ikaomba radhi. Ikiwa wenye kadi halali waliweza kuponzwa na shaka tu, mwenye kadi bandia atajitetea vipi? Dungwa sindano katika kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya, nawe uhakikishe kadi imepigwa muhuri.

Hata hivyo, chanjo hii haimfai kila mtu. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi kamwe, na kwa kawaida huanza kutolewa akiwa na miezi tisa. Mwenye mzio mkali wa mayai na mwenye kinga dhaifu kutokana na ugonjwa au dawa wamwone daktari kwanza. Mama mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, na mzee aliyepita miaka 60 pia waulize. Daktari akiona haifai, anaweza kukuandikia barua rasmi ya kukusamehe, lakini uliza ubalozi wa unakokwenda kama itakubaliwa.

Sasa tuje kwa malaria, ambayo haidai kadi yoyote na kwa hiyo wengi huisahau. Hapa ndipo ile imani ya "sisi tumezoea" huua watu.

Ni kweli kwamba mtu aliyekulia mahali penye mbu wengi hujipatia kinga kiasi. Lakini kinga hiyo ni ya kuumwa mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka. Ukihama, hufifia. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi, ambako malaria ni nadra, hana kinga ya kujivunia, hata kama nyumbani kwa babu yake ni Siaya au Busia. Mbele ya mbu wa malaria, yeye na yule mtalii aliyemcheka ni wamoja.

Kusini napo hapafanani kila mahali. Johannesburg, Pretoria, Durban na Cape Town hazina malaria. Lesotho yote haina. Lakini ukienda maeneo ya chini ya mikoa ya Limpopo na Mpumalanga, ikiwemo mbuga ya Kruger, au kaskazini mwa KwaZulu-Natal, ipo, hasa kati ya Septemba na Mei. Nchini Botswana na Namibia hatari iko upande wa kaskazini, kama vile Okavango, Chobe na ukanda wa Caprivi. Zimbabwe ina malaria katika bonde la Zambezi, Kariba na maporomoko ya Victoria, ilhali Harare na Bulawayo hatari ni ndogo mno. Zambia, Malawi na Msumbiji, hesabu kwamba ipo nchi nzima mwaka mzima.

Ukienda sehemu hizo, mwombe daktari dawa ya kukinga. Usimsikilize mjomba anayekuambia ubebe klorokwini kama enzi zake. Malawi iliiacha dawa hiyo mwaka wa 1993 na sisi tukaiacha mwaka wa 1998, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Dawa zinazotumiwa na wasafiri siku hizi ni tatu. Kuna doksisaiklini, inayomezwa kila siku kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Haifai kwa wajawazito wala watoto wa chini ya miaka minane. Kuna atovakuoni-proguanili, ambayo pia ni ya kila siku, lakini baada ya kurudi humezwa siku saba tu. Ya tatu ni meflokwini, ya mara moja kwa wiki, inayoanzwa wiki mbili au tatu mapema. Aliye na kifafa au aliyewahi kuugua maradhi ya akili asiitumie. Daktari ndiye wa kuchagua, lakini kazi ya kumaliza dozi ni yako. Wengi huacha siku wanapotua nyumbani, na malaria hungoja papo hapo.

Dawa bila tahadhari nyingine haitoshi. Mbu wa malaria huuma usiku, kwa hiyo lala ndani ya neti iliyotiwa dawa, vaa nguo za mikono mirefu jioni na upake mafuta ya kufukuza mbu. Yule wa homa ya manjano huuma mchana, wakati neti imekunjwa. Ndiyo maana kwake chanjo ndiyo ngao.

Turudi kwa kijana wetu. Kabla ya safari alikuwa amekwenda Siaya kumuaga nyanya yake, akalala huko wiki nzima bila neti. Wiki ya pili akiwa Cape Town alishikwa na homa, kichwa kikamwanga, viungo vikamuuma. Akaenda zahanati. Huko malaria si ugonjwa unaoonekana kila siku kama kwetu. Muuguzi alimpima joto, akaona ni homa ya kawaida, akampa tembe za kutuliza maumivu na kumwambia apumzike. Kijana naye hakusema lolote zaidi.

Aliyemwokoa ni mwenzake wa chumbani, Mzambia wa kutoka Ndola. Alipomwona akitetemeka usiku chini ya blanketi tatu katika kiangazi cha Februari, alimuuliza, "Ndugu yangu, uliwaambia unatoka wapi?" Hakuwa amewaambia. Wakarudi hospitalini usiku huo huo, wakasema, "Ametoka Kenya majuzi, alilala mahali penye mbu." Damu ikapimwa, malaria ikaonekana. Akalazwa siku nne. Leo yu mzima na anaendelea na masomo yake, lakini mama yake angali akishika kifua kila simu inapolia usiku.

Msomaji mpenzi, usisahau hili hata ukisahau mengine yote: ukishikwa na homa safarini au baada ya safari, mwambie daktari ulikotoka, ulikopitia na lini. Malaria huonekana kuanzia siku saba baada ya kuumwa na mbu, na pengine huchukua wiki kadhaa au hata miezi. Katika nchi ambako malaria ni nadra, daktari hodari anaweza kukosa kuifikiria kwa sababu tu hukusema. Omba upimwe damu siku hiyo hiyo. Malaria kali inaweza kumuua mtu katika muda wa siku chache.

Na jambo hili lina upande wa pili, wazazi wenzangu. Mtoto aliyekaa Cape Town au Johannesburg miaka mitatu akirudi kwa Krismasi, anarudi akiwa mgeni. Kinga aliyoondoka nayo, kama aliwahi kuwa nayo, imefifia. Kabla hujampeleka mashambani kusalimu jamaa, mwandalie neti na umwone daktari kuhusu dawa za kukinga. Asione haya kutumia dawa za "watalii" katika boma la babu yake.

Sasa tuguse mengine kwa ufupi. Kipindupindu kimewatesa sana majirani hawa. Zimbabwe ilipoteza zaidi ya watu 4,000 mwaka wa 2008 hadi 2009. Malawi ikapoteza zaidi ya 1,700 katika mkurupuko ulioanza Machi 2022. Mapema mwaka wa 2024 Zambia iliahirisha kufungua shule, na uwanja wa michezo wa Heroes mjini Lusaka ukageuzwa kituo cha matibabu. Hata Afrika Kusini, kule Hammanskraal karibu na Pretoria, zaidi ya watu 20 walikufa mwaka wa 2023. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa vyema, kula chakula kikiwa moto, na nawa mikono kwa sabuni. Beba pakiti chache za ORS begini. Kuna chanjo ya kipindupindu na ya homa ya matumbo, na daktari atakushauri kulingana na unakokwenda.

Chunguza pia chanjo za kawaida. Pepopunda, surua na polio si za watoto wachanga pekee. Virusi vya polio vilionekana Malawi mnamo Februari 2022 na Msumbiji miezi michache baadaye, baada ya miaka mingi ya kutoonekana. Beba kadi za kliniki za watoto.

Ziwa Malawi linapendeza, maji yake ni maangavu na vijana hupenda kuogelea. Lakini lina kichocho, sawa na Ziwa Victoria letu na mifereji ya Mwea. Ukiogelea, pimwa baada ya miezi miwili au mitatu hata kama hujisikii mgonjwa. Kina dawa.

Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbilia hospitali kupata sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Kuhusu Ukimwi, sitazunguka. Afrika Kusini ina watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Upweke wa ugenini huwapotosha wengi, vijana kwa wazee. Jizuie, na usipoweza tumia mpira. Jambo likitokea bila kinga, kuna dawa za kuzuia maambukizi, lakini sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Kwa mtu anayetumia dawa za kila siku, ziwe za virusi, sukari au shinikizo la damu, abebe za kutosha katika begi la mkononi pamoja na barua ya daktari.

Mwisho, baridi. Juni na Julai ni kipupwe huko, na usiku wa Johannesburg maji yanaweza kuganda. Sweta yako ya Limuru huenda isitoshe.

Unaona basi kwamba matayarisho haya hayawezi kufanywa kwa siku tano. Mwone daktari wiki sita kabla ya safari. Chanjo nyingine huhitaji zaidi ya dozi moja. Tena chanjo ya surua na ile ya homa ya manjano ama zitolewe siku moja au zipishane kwa wiki nne. Mwambie nchi utakazopitia zote, na hasa ukisafiri kwa basi kupitia Tanzania na Zambia, maana kadi huweza kuulizwa mpakani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tiketi iliyobadilishwa, na ndogo zaidi kuliko ya kitanda cha hospitali ugenini.

Kijana wetu alirudi likizo Desemba iliyopita. Alikuja kunisalimu akiwa njiani kwenda Siaya kwa nyanya. Chini ya kwapa alikuwa amebeba kifurushi, nami nikamuuliza ni zawadi gani.

"Neti mbili, Mzee," akasema. "Moja yangu, moja ya nyanya."

Safari njema, na tuonane Jumapili ijayo.